Huzuni Nzito Si Dalili ya Imani Ndogo



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wanafunzi wetu wapenzi, katika jarida la mwaka huu tumeona tusiandike juu ya adabu za kutafuta elimu wala fadhila za kuhifadhi Qur'ani, kwani hayo mmeyasikia darasani na mtayasikia tena Inshaallah. Tumechagua kuandika juu ya jambo linalowasumbua baadhi yenu kimya kimya, nalo ni maradhi ya huzuni, yale ambayo madaktari wetu wanayaita sonona.

Tuseme mapema tunachokiamini. Tunaamini kuwa ni kosa, tena kosa linaloumiza, kumwambia mtu aliyeshikwa na maradhi haya kwamba imani yake ni ndogo. Maneno hayo huonekana ni nasaha, na wengi huyasema kwa nia njema. Lakini mgonjwa anayasikia kwa sikio jingine. Alikuwa na mzigo mmoja, yaani maradhi. Sasa ana miwili, maradhi na hofu kwamba Mola wake amemkasirikia. Na kwa kuwa msikitini ndipo alipoambiwa, basi msikitini ndipo anapoacha kwenda.

Kwanza tutofautishe. Huzuni ya kawaida kila mtu anaijua. Umeanguka mtihani wa darasa la saba, au ng'ombe wameibiwa usiku na nyayo zimepotelea upande wa Kenya, au tembo wametoka hifadhini wakamaliza shamba la mahindi la mama siku chache kabla ya kuvuna. Ukilia siku mbili tatu hakuna wa kukushangaa. Huzuni ya namna hiyo ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mara nyingi huondoka yenyewe kwa siku kupita, kwa kuliwazwa na watu na kwa dua.

Sonona haifanyi hivyo. Inakaa. Madaktari husema moyo ukiwa mzito karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi, na mtu akapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, hapo pana maradhi ya kuchunguzwa. Usingizi huruka, au hugeuka kuwa mwingi kupita kiasi. Chakula hakina ladha. Mwili unachoka bila kulima. Akili haitulii kwenye kitabu. Mtu anasoma mstari mmoja mara tano na hajui alichosoma. Anajilaumu kwa mambo yasiyo kosa lake, na pengine anaanza kufikiri kwamba afadhali asingekuwepo. Huku kwetu maradhi haya hupenda kuja kwa sura ya mwili, kwa hiyo mtu hulalamika kichwa, tumbo, kifua kubana na moyo kwenda mbio. Anapimwa malaria, anapimwa homa ya matumbo, anapewa dawa, anarudi baada ya wiki na malalamiko yale yale. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaishi na sonona. Hatudhani kuwa wote hao wamekosa imani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo tunaliona ndilo chanzo cha maudhi mengi. Maradhi haya huondoa ladha. Yanaondoa ladha ya ugali na dagaa, yanaondoa hamu ya mpira jioni, yanaondoa raha ya kukaa na marafiki. Sasa, yakishaondoa ladha ya hivyo vyote, kwa nini tushangae yakiondoa na utamu wa swala na kisomo? Mwanafunzi aliyekuwa akisoma Suratul Mulk kila usiku na moyo ukalainika, leo anaisoma na anaona kama anahesabu mawe. Hapo hujiambia: Mwenyezi Mungu amenifungia mlango. Mdogo wetu, hujafungiwa mlango. Aliye na homa kali akila asali ataiona chungu, na asali haijabadilika wala mwenye nyumba aliyemkaribisha hajamchukia. Ulimi ndio unaumwa.

Tunamkumbuka mwanafunzi mmoja, na tumebadilisha mambo madogo asijulikane. Alikuwa mwepesi wa hifdhi, juzuu tano alizimaliza kabla ya wenzake. Kisha akaanza kuchelewa, akaanza kusahau hata alichokuwa amekishika vizuri, akawa anakaa nyuma. Nyumbani walisema ni uvivu, jirani akasema ni kijicho, na mzee mmoja mwenye heshima akamwambia mbele ya watu kwamba anayesahau Qur'ani ameitupa. Kijana huyo hakuja tena kwa miezi minne. Aliporudi alituambia kwamba kila jioni alikuwa akifika mpaka kwenye mwembe, anasikia wenzake wanasoma, anageuka. Aliona si halali yake kuingia. Kijana anayekuja kila jioni mpaka kwenye mwembe, je, huyo imani imemtoka?

Na sisi wa Tarime na Serengeti tuna tatizo letu la ziada. Huku tumelelewa kuwa wagumu. Kijana wa Kikurya anapoingia jandoni hufundishwa kusimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na akitikisika aibu humfuata yeye na watu wake. Hatuandiki haya kuwadharau wazee wetu. Ushupavu huo umelinda mifugo na mipaka, na nchi ya mpakani haikaliwi na watu legelege. Lakini somo la dakika chache jandoni limegeuzwa kuwa sheria ya maisha yote. Baba akifiwa halii. Kijana akivunjika moyo hasemi. Miaka ya 2000 koo zilipopigana wilayani Tarime, nyumba zikachomwa, watoto waliona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, na wengi wao leo ni watu wazima ambao hawajawahi kuulizwa walilala vipi usiku ule. Kule Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2002, wapo vijana walioacha shule kwenda kutafuta mawe yenye dhahabu, na zipo familia zilizozika watoto kwa ajili ya mawe hayo. Kijana akianza kuvuta bangi au kunywa gongo tunasema ameharibika. Ni kweli ni haramu, hatuna shaka wala mjadala. Ila ni wachache wanaouliza alikuwa anakimbia nini.

Kwa mabinti mzigo una sura nyingine. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kuwa katika kila wanawake 100 wa mkoa wetu wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49, kiasi cha 32 walikuwa wamekeketwa. Hii ni mila, wala asije mtu akaibandika kwenye dini. Kila msimu wa tohara unapofika, mwezi wa Desemba, wapo wasichana wanaotoroka nyumbani usiku. Wengine hupokelewa Masanga wilayani Tarime, wengine katika Nyumba Salama ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014. Vituo hivi vimeanzia mikononi mwa ndugu zetu Wakristo, na haki lazima isemwe: wamefanya kazi ambayo sisi Waislamu wa wilaya hizi, kwa uchache wetu na kwa uzito wetu, hatujaifanya.

Magazeti huandika juu ya usiku ule wa kutoroka. Ni mara chache huandika juu ya miezi inayofuata. Binti analala mahali salama, anakula, anavaa sare za shule, na bado usiku anajiona yeye ndiye mkosaji. Amemwaibisha baba. Amewapotezea ng'ombe wa mahari. Mama amelaumiwa kwa ajili yake. Ukimwambia kuwa hana kosa anakubali kwa kichwa, lakini moyo wake umeshajihukumu. Na yule aliyekeketwa naye ana maumivu yake, maana huambiwa ashukuru kwa kuwa sasa ni mwanamke kamili, kwa hiyo hata kulia hakuruhusiwi.

Turudi kwenye Kitabu, tuone kama Mwenyezi Mungu anawakemea wenye huzuni kama sisi tunavyowakemea.

Katika Suratu Yusuf tunamsoma Nabii Yaaqub (a.s.), Mtume mwana wa Mtume, aliyempoteza mwanawe kipenzi. Miaka ikapita, huzuni haikwisha, mpaka macho yake yakawa meupe kwa majonzi. Hebu angalieni ni nani anayemlaumu katika kisa kile. Ni wanawe. Wao ndio wanaomwambia kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka aharibikiwe kabisa au afe. Mwenyezi Mungu hakumlaumu. Naye Yaaqub anawajibu kwamba mashtaka yake na huzuni yake anayapeleka kwa Mola wake, kisha papo hapo anawatuma waende wakamtafute Yusuf na nduguye wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mtu mmoja, siku moja, ana huzuni iliyompofua macho na ana imani isiyotetereka. Vyote viwili vimekaa katika kifua kimoja. Anayesema haviwezi kukaa pamoja, na amwambie Yaaqub.

Kisha Suratu Maryam. Bibi Maryam (a.s.) yuko peke yake mbali na watu wake, uchungu wa kuzaa umemshika chini ya mtende, na anajua maneno yanayomsubiri nyumbani. Anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile na kusahaulika kabisa. Haya ni maneno mazito, na aliyeyasema ni mwanamke bora aliyeteuliwa. Je, alijibiwa kwa ukali? Aliambiwa kuwa imani yake imepungua? Aliambiwa asihuzunike. Akaonyeshwa maji chini yake. Akaambiwa atikise shina la mtende tende mbivu zimwangukie, ale, anywe, atulize jicho lake. Na kuhusu watu na maswali yao, akaelekezwa asizungumze nao siku ile. Yaani Mola wake alianza kwa maji, chakula, utulivu na ruhusa ya kutomjibu kila mwenye ulimi. Hoja za watu zilijibiwa baadaye, na mwingine. Mabinti wetu mliotoka nyumbani kwa hofu, isomeni sura hii polepole. Yule pia alikuwa mbali na watu wake.

Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe? Mwaka wa kumi wa utume alifiwa na Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib, na wanahistoria wa Kiislamu wameuita Mwaka wa Huzuni. Hawakuona haya kuuita hivyo. Alipofariki mwanawe Ibrahim machozi yalimtoka, na sahaba Abdurrahman bin Auf akashangaa kumuona naye analia. Mtume akamfahamisha kuwa hiyo ni rehema. Basi mila ya kutolia si Sunna, hata kama tumeizoea.

Kwa wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, tuwakumbushe wanavyuoni wawili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi, na humo aliitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na Imamu al-Ghazali, ambaye hakuna mwalimu asiyemtaja, mwaka 1095 alikuwa akifundisha Baghdad mbele ya mamia ya wanafunzi, ghafla ulimi ukafungika. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh jinsi alivyokuwa akijilazimisha kufundisha na neno halitoki, jinsi chakula na hata maji vilivyokataa kushuka, na jinsi madaktari walivyosema chanzo kiko moyoni. Hatusemi kwamba al-Ghazali alikuwa na sonona. Sisi si madaktari na aliyekufa hapimwi. Tunachosema ni kwamba aliacha kufundisha, akaondoka, akapumzika miaka katika utulivu na ibada, akarudi darasani kule Nishapur mwaka 1106. Hakuna aliyemfuta katika orodha ya maimamu kwa sababu alishindwa kusomesha. Kuna mwanafunzi wa hifdhi anayestahiki kufutwa kwa sababu ya miezi minne?

Sasa tuzungumze juu ya kujihurumia, maana neno hili linaeleweka vibaya. Wengine wakilisikia wanadhani ni kukaa na kulalamika, au ni kuipa nafsi kila inachokitaka. Hatumaanishi hivyo. Tunamaanisha kujitendea wewe mwenyewe kama ambavyo ungemtendea mwenzako aliyekuja kwako akiwa na hali kama yako. Mwenzako akiumwa humwambii kuwa hana thamani. Humwamshi akachanje kuni akiwa na homa. Basi kwa nini nafsi yako unaiambia usiku kucha maneno ambayo ukimwambia mtu mwingine ungeombwa umtake radhi?

Jambo hili lina asili katika dini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya Bibi Zaynab, anapochoka katika swala hujishika hapo. Akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na uchangamfu, na akichoka akae. Kamba ile ilikuwa ni ya ibada, wala si ya maasi, na bado ilifunguliwa. Tena imepokewa na Bukhari kuwa Salman alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa akamkuta anafunga kila mchana na kusimama kila usiku, na mkewe amekata tamaa naye. Salman akamlisha, akamlaza, akamwamsha mwisho wa usiku, akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Habari zilipofika kwa Mtume alimsadikisha Salman. Mnaona, nafsi imetajwa miongoni mwa wenye haki. Anayeinyima haki yake atasema nini?

Basi mwanafunzi aliyeshikwa na maradhi haya tunamshauri hivi. Shika faradhi, hata ukiswali kwa kukaa, hata kama huoni ladha. Sunna utazirudia ukipata nafuu. Ujira wa mgonjwa kwa amali aliyokuwa akiifanya alipokuwa mzima hauandikwi pungufu, na hilo nalo limethibiti katika Hadithi. Usijiwekee kurasa mbili za hifdhi, soma aya moja unayoipenda, basi. Dua ya kujikinga na hamu na huzuni ambayo Mtume alikuwa akiikithirisha mnaijua, tumeifundisha darasa la tatu. Isome asubuhi na jioni. Toka nje jua likiwa halijawa kali. Kaa karibu na watu hata kama huna la kusema. Na ule. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji laini wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, na alisimulia kutoka kwa Mtume kuwa unatuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Hatusemi kuwa uji wetu wa ulezi ndio talbina, wasije wakatuandikia barua. Ila mama anayemletea mwanawe kikombe cha uji kitandani bila kumuuliza maswali amefuata mwenendo mwema.

Liko suala la majini. Hatuyakanushi, yametajwa katika Qur'ani, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema lenye asili. Tatizo ni pale kila huzuni inapoitwa jini kabla ya kitu kingine chochote, mgonjwa akashikwa miguu na mikono, akachapwa, akavukizwa mpaka akakosa pumzi, kisha akatozwa mbuzi. Hiyo haina asili yoyote. Wengine hutoka kwa huyo wakaenda kwa mganga wa pembe na vibuyu, na huko ndiko inakopotea imani yenyewe ambayo tulikuwa tukihofia imepungua. Msomee ndugu yako Fatiha na Muawidhatayni, umwekee mkono kwa upole, kisha umpeleke hospitali. Mtume ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake, na hakubagua maradhi ya moyo na ya akili.

Wengi wanaogopa hospitali kwa sababu ya jina moja tu, Mirembe. Ile hospitali ya Dodoma iliyojengwa enzi za Mwingereza imekuwa neno la utani, mtoto akikosea kidogo anaambiwa atapelekwa Mirembe. Ukweli ni kwamba mgonjwa wa sonona huanza hospitali ya karibu, Tarime au Mugumu, na ikilazimika hupewa rufaa ya Musoma, au Bugando Mwanza ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Wengi hutibiwa wakienda na kurudi nyumbani. Wapo wanaohitaji mazungumzo tu na mtaalamu, wapo wanaohitaji vidonge. Vidonge vya sonona si panadoli. Huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla ya mtu kuona mabadiliko, na kuviacha ghafla kwa sababu umeona umepona kunaweza kukurudisha ulipotoka. Usiache mpaka daktari aseme. Ramadhani ikikukuta unatumia dawa, muulize daktari kama saa zinaweza kupangwa baina ya futari na daku. Ikishindikana, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na ruhusa hiyo ni zawadi, asione haya kuipokea.

Kuhusu anayefikiria kujitoa uhai tutasema kwa ufupi na kwa uwazi. Hukumu yake katika dini mnaijua. Lakini mwenzako akikuambia kwamba haoni sababu ya kuishi, hiyo si saa ya kumsomea hukumu. Ni saa ya kukaa naye. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, kunampa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake, na umwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama alikuapisha usiseme. Siri ya namna hiyo haifichwi. Walio chini ya miaka 18 wanaweza pia kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haitozwi pesa.

Kwa walimu wenzetu tuna ombi moja. Mwanafunzi aliyekuwa mzuri akibadilika, fimbo isiwe ndiyo daktari wa kwanza. Muite pembeni, muulize amekula nini, amelala saa ngapi, nyumbani kuna nini. Akikaa kimya, mwache akae kimya karibu nawe. Na kwa wazazi: msimwambie mtoto mbele ya wageni kwamba amekuwa mzigo. Anayasikia maneno hayo hata akiwa amegeukia ukuta.

Kuanzia muhula huu, siku za Jumatano baada ya swala ya Alasiri, mwalimu mmoja atakuwa barazani upande wa kisima kwa ajili ya wavulana, na ustadhati atakuwa katika chumba cha vitabu kwa ajili ya wasichana. Si lazima ueleze umekuja kwa nini. Unaweza kuja na msahafu ukakaa tu. Aliyeacha masomo kwa muda mrefu naye aje. Nafasi yake kwenye mkeka hatujampa mtu mwingine.

Wabillahi tawfiq.